Makabati ya Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia kwenye jengo la chama. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na ushei kabla ya Uhuru, Kitivo cha Sheria kilifungua masomo katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiotimia ishirini ambao shahada zao zingetolewa na Chuo Kikuu cha London. Walimu walikuwepo na darasa lilikuwepo. Kilichokosekana ni kumbukumbu. Karatasi zilizoieleza nchi hii zilikuwa kila mahali isipokuwa chuoni: kwenye stoo za mabwana shauri, kwenye misheni, Berlin, London, na ndani ya masanduku ya familia za Lamu, Pemba, Tanga na Kilwa.

Zaidi ya miaka sitini imepita. Sehemu ya maktaba ya chuo iitwayo East Africana ndipo baadhi ya karatasi hizo zilipoishia, na historia yake inastahili kusimuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, wengi waliosoma Mlimani walipita mlangoni pake miaka mitatu mizima bila kuingia. Pili, yaliyomo humo bado yanaamua mambo ya watu walio hai: nani arithi shamba, nani akae Ngorongoro, nani atajwe kwenye historia ya vita. Atakayedhani ni ghala la vitu vya kale hajasoma majalada yake.

Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964, kwenye kilima kilichoitwa Observation Hill, katika majengo yaliyochorwa na kampuni ya Kiingereza ya Norman na Dawbarn. Watu wanaijua zaidi Nkrumah Hall, ile iliyokaa kwenye noti ya shilingi 500 kabla noti hiyo haijageuzwa sarafu. Maktaba haikubahatika kuingia kwenye noti, ingawa ndiyo iliyowekwa katikati ya chuo. Baadaye ilipewa jina la Dk. Wilbert Chagula, Mtanzania wa kwanza kukiongoza chuo hicho. Kuanzia mwaka 1963 chuo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Tarehe 1 Julai 1970 kila kimoja kikashika njia yake, na Dar es Salaam ikawa na chuo kikuu chake kamili, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wa chuo na Pius Msekwa makamu wake.

Mgawanyo huo wa 1970 haukuyafuta mawazo ya kikanda yaliyokuwa yameshaingia kwenye rafu. Jina lenyewe la East Africana linatoka zama hizo ambapo msomi wa Dar es Salaam alihesabu Kampala na Nairobi kuwa kwao. Humo viliwekwa vitabu kuhusu Afrika Mashariki, ripoti za serikali, ramani, tasnifu, magazeti na makaratasi ya watu binafsi. Sheria ya kuweka nakala za vitabu iliitambua maktaba hiyo kuwa mojawapo ya mahali ambapo mchapishaji wa nchini hupaswa kupeleka nakala, na hivyo hata kijitabu cha kurasa nane cha ufugaji wa kuku kina haki ya kukaa jirani na tasnifu ya uzamivu. Vitu vya sehemu hii haviazimwi. Unaomba, unaletewa, unasoma hapohapo, unarudisha.

Ila vitabu vilivyochapishwa vinaweza kupatikana penginepo. Uzito wa East Africana uko kwenye vile visivyokuwa na nakala nyingine, na hapo hatuna budi kuanza na miswada.

Katika miaka ya 1960 alipita pwani mzee mmoja wa Kiingereza, J. W. T. Allen, akitafuta maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hakuwa mgeni. Alikuwa ameitumikia Tanganyika tangu enzi za ukoloni, na mwaka 1945 alikwisha kuchapisha mwongozo wa hati za Kiarabu kwa wanaojifunza Kiswahili. Tena alikuwa mtoto wa Roland Allen, kasisi wa Kianglikana aliyehamia Kenya uzeeni, akajifunza Kiswahili huko, kisha akakaa kutafsiri tenzi kwa Kiingereza. Mapenzi ya tenzi, basi, yalikuwa ya ukoo. Kazi aliyoifanya mwana ikazaa mkusanyo wa hati na kanda, na mwaka 1970 kampuni ya Brill ya Leiden ikachapisha orodha yake: hati za Kiswahili na za Kiarabu pamoja na kanda zilizomo katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Allen akatoa kitabu cha tenzi sita, ukiwamo Utendi wa Mwana Kupona.

Hilo neno kanda kwenye jina la orodha lisipite hivihivi. Utenzi haukutungwa usomwe kimya kimya na mtu mmoja kwenye kiti. Uliimbwa, ukasikilizwa na watu wa nyumba nzima, na msikilizaji hodari alimsahihisha mghani aliyeruka kipande. Anayebaki na karatasi bila sauti amebaki na nusu. Kuamua kurekodi wakati ule, mashine zikiwa nzito na umeme wa visiwani ukiwa wa kubahatisha, kulionyesha kwamba mkusanyaji alikijua alichokuwa anakikusanya.

Tuutazame mswada wenyewe kwa karibu. Karatasi ni ya kuagizwa kutoka Ulaya. Nyingi zilizofika pwani zilitoka Italia, na ukiziinua kwenye mwanga unaona alama ya hilali tatu ndani yake. Ubeti mmoja umeenea mstari mmoja, vipande vinne vimekaa sambamba kutoka kulia kwenda kushoto, na kati ya kipande na kipande mwandishi ametia alama, mara nyingi kwa wino wa rangi nyingine, nyekundu hasa. Mwanzo ni bismillahi. Mwisho ni tamati, na mara nyingine jina la aliyenakili na mwaka wa Hijria, pengine na maombi kwamba msomaji amwombee dua. Kazi ngumu iko katikati. Hati za Kiarabu zilivyozoeleka zamani hazikutofautisha e na i, wala o na u, na mara nyingi mb iliandikwa b tupu. Anayesoma lazima awe anaujua utenzi kabla hajausoma, au awe anakijua Kiamu au Kimvita vizuri kiasi cha kukisia. Ndiyo maana miswada miwili ya utenzi mmoja hutofautiana, na ndiyo maana mtu aliyejifunza Kiswahili cha shule peke yake hukwama kwenye ubeti wa kwanza.

Waliotunza vitu hivi kabla ya maktaba yoyote walikuwa watu wa majumbani, na wanawake wamo. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga wasia wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, na Alice Werner, aliyekuja kufundisha Kiswahili London, alimkuta Mwana Hashima akingali hai Lamu mwaka 1913. Huo ni mlolongo mfupi mno: mtunzi, mwanawe, mtafiti, maktaba. Nyuma ya kila mswada uliofika Mlimani kuna nyumba iliyoufunga ndani ya kitambaa kwa vizazi, ukaepushwa na mvua, mchwa na watoto. Orodha za maktaba huandika jina la mkusanyaji kwa herufi kubwa. Ningependa zingekuwa zinaandika la mwenye nyumba kwa herufi hizohizo.

Sambamba na maktaba ilikuwepo taasisi ya jirani ambayo makaratasi yake yalisafiri kuliko waandishi wake wengi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Ilikaa Dar es Salaam, ikahamia Nairobi, mwaka 1952 ikapelekwa Makerere, ikateremka Mombasa mwaka 1962, halafu mwaka 1964 ikarudi Dar es Salaam na kuingizwa katika taasisi mpya ya uchunguzi wa Kiswahili, ile tuliyoizoea kwa jina la TUKI na ambayo tangu 2009 ni TATAKI. Atakayejiuliza kwa nini mafaili ya kamati hiyo yana mapengo akumbuke safari hizo. Taasisi nayo ilikusanya miswada yake. Humo ndimo M. M. Mulokozi na wenzake walimofanyia kazi, na mwaka 1999 TUKI ikachapisha Tenzi Tatu za Kale, kitabu kilichowapa wanafunzi wa kawaida, kwa hati za Kirumi na kwa maelezo ya Kiswahili, tenzi ambazo awali ungezipata kwa Kiingereza cha wataalamu.

Sasa tuondoke pwani twende bara, kwenye majalada yenye utata zaidi.

Hans Cory alizaliwa Vienna mwaka 1888 akiitwa Hans Koritschoner. Aliishi Tanganyika miongo mingi, na mwaka 1936 alichapisha makala juu ya ngoma ya sheitani kwa jina lake la kwanza. Baadaye serikali ya kikoloni ikamwajiri kuwa mtaalamu wake wa masuala ya jamii. Alikusanya sanamu za udongo zilizotumika kwenye jando na unyago, ambazo zimehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, akaandika juu ya sheria za mila za Wahaya pamoja na Hartnoll mwaka 1945, na za Wasukuma mwaka 1953. Makaratasi yake yako East Africana, na kila mwaka kuna mtu anayeyaomba: mwanasheria, mwanahistoria, au mjukuu anayetafuta ukoo wake wa kichifu.

Njia yake ya kazi ilikuwa ya barazani. Aliwakusanya machifu na wazee, akauliza swali moja moja: mtu akifa bila mtoto wa kiume, shamba ni la nani? Mke akiachwa, ng'ombe wa mahari wanarudi wangapi? Majibu yakaandikwa, yakapangwa kwa vifungu, yakapewa namba. Uhuru ulipokuja serikali ya Tanganyika ilitaka sheria za mila zilinganishwe ili mahakama za wilaya moja zisihukumu kinyume na za wilaya nyingine, na Cory akapewa kazi hiyo. Alifariki mwaka 1962. Mwaka 1963 yakatoka Matangazo ya Serikali namba 279 na 436 yenye kanuni za mila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, yakaanza kutumika wilaya baada ya wilaya.

Hapo ndipo karatasi zilipogeuka kuwa nguvu. Mila ilipokuwa mdomoni ilikuwa na nafasi ya kubishana. Mzee wa huruma angeweza kusema kwamba mjane huyu alilima na marehemu miaka thelathini, aachwe kwenye mji wake. Ilipopewa namba, ubishi ukafungwa. Kanuni zile zilimweka binti nyuma ya wanaume katika mafungu ya urithi, na mjane zikamwacha atunzwe na watoto wake. Na aliowauliza Cory walikuwa machifu na wazee, na wazee wa mabaraza ya siku zile walikuwa wanaume.

Mwaka 2005 wajane wawili wa Kisukuma walizipinga kanuni hizo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba zina ubaguzi, ikakataa kuzibatilisha. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa kwa dosari za kiufundi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imekiuka haki za wajane hao. Haya yote yalitokea miaka zaidi ya arobaini baada ya Cory kuzikwa. Mwanasheria yeyote anayetaka kujua kama jambo fulani kweli lilikuwa mila, au lilikuwa jibu la baraza moja siku moja, hana budi kurudi kwenye makaratasi ya mtu huyo. Sheria imebaki na sentensi. Mazungumzo yaliyoizaa yamo kwenye majalada.

Sisemi Cory alikuwa mbaya. Alisikiliza kuliko maofisa wengi wa wakati wake, na bila yeye tusingekuwa hata na cha kubishania. Lakini mkusanyo wake unafundisha kusoma nyaraka kwa jicho la kuuliza: nani alikuwa barazani, nani alikuwa jikoni, na swali liliulizwa kwa lugha gani.

Afisa mwingine wa aina hiyo ni Henry Fosbrooke. Alikuja Tanganyika mwaka 1931, akafanya kazi za utawala, naye pia akawa mtaalamu wa jamii wa serikali. Alikuwa miongoni mwa watu wa jarida la Tanganyika Notes and Records lililoanza mwaka 1936, kisha akaiongoza Hifadhi ya Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuandika kitabu juu yake mwaka 1972. Makaratasi yake nayo yako Mlimani. Wamasai walikuwa wameondolewa Serengeti kwa makubaliano ya mwaka 1958, na hifadhi ya Ngorongoro ikaanzishwa mwaka 1959 kwa sharti kwamba watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja. Tangu mwaka 2022, serikali ilipoanza kuwahamishia wakazi wa Ngorongoro Msomera, Handeni, swali la walichoahidiwa wazee wa 1958 limerudi mezani likiwa la moto. Kila upande unadai historia iko kwake. Mimi nashauri wote wawili wapande Mlimani kwanza.

Pamoja na hayo, mkusanyo ninaoupenda kuliko yote si wa afisa yeyote. Ni wa wanafunzi.

Idara ya Historia, iliyoongozwa na Terence Ranger tangu mwaka 1963, ilikuwa na shauku ya kuandika historia ya Waafrika kwa vinywa vya Waafrika. Nyaraka za Kijerumani zilivieleza Vita vya Maji Maji kwa macho ya wapiga risasi. Mwaka 1968 John Iliffe na Gilbert Gwassa wakasimamia mradi wa kuwatuma wanafunzi wakati wa likizo kwenda kwenye wilaya za vita, kila mmoja akae na wazee, aulize, aandike. Hesabu ilikuwa inawabana. Vita vilianza mwaka 1905. Kijana aliyekuwa na miaka 15 Matumbi pamba ilipong'olewa Nandete alikuwa na 78 wanafunzi walipobisha hodi. Miaka kumi baadaye wengi wa mashahidi hao wasingekuwepo. Mwaka 1969 masimulizi na taarifa zikakusanywa, zikapigwa chapa kwa mashine za wakati ule na kuwekwa maktaba.

Ukizisoma taarifa hizo unakutana na wanafunzi wa mwaka wa pili wakitoa jasho. Mmoja ameandika vizuri, mwingine ameharakisha, mwingine ameweka maneno ya mzee kwa lugha ya mzee na tafsiri yake chini. Wanahistoria wa baadaye wamezikosoa: maswali yaliulizwa kwa namna ya kutafuta umoja wa kitaifa, na majibu yakaja yameuvaa umoja huo. Ni kweli. Lakini ni nani mwingine aliyewauliza? Mkosoaji wa leo anaweza kukosoa kwa sababu mwanafunzi wa 1968 alipanda basi kwenda Kilwa na Songea.

Na hazikubaki kwenye makabati. Habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, zilizokuwa zinachimbuliwa na watafiti wa chuo, zilimfikia Ebrahim Hussein aliyesoma chuoni hapohapo, na mwaka huohuo wa 1969 tamthilia yake ya Kinjeketile ikatoka. Vizazi vya wanafunzi wa sekondari vimejibu maswali ya mtihani juu ya mhusika huyo bila kujua kwamba jirani na maktaba ya maigizo kulikuwa na maktaba ya ushahidi. Kabla ya hao wote, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alikwisha kuutungia utenzi vita hivyo, kama Hemedi bin Abdallah el Buhriy alivyovitungia vita vya Abushiri na Wadachi. Msomaji wa East Africana anaweza kuziweka meza moja sauti tatu juu ya vita: ya mshairi, ya mzee wa kijijini na ya afisa.

Magazeti nitayapitia kwa haraka zaidi ya yanavyostahili. Mambo Leo lilianza mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu, likawa uwanja wa washairi, Shaaban Robert akiwemo. Kwetu la Erica Fiah lilianza mwaka 1937 na halikuogopa kuwasema wakubwa. Ngurumo lilitoka kuanzia 1959 hadi 1976, gazeti la mtu wa Kariakoo: bei ya sukari, barua za wasomaji zenye hasira, tangazo la dansi, kesi ya mume na hawara. Ukitaka kujua Azimio la Arusha lilivyotangazwa soma Uhuru au The Nationalist. Ukitaka kujua lilivyopokelewa kijiweni, soma kurasa za ndani za Ngurumo.

Adui wa magazeti haya ni karatasi yao wenyewe. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na ndani yake mna asidi inayoila taratibu. Joto na unyevu wa Dar es Salaam huiharakisha. Gazeti la 1970 huwa kahawia, likavunjika pembeni kama chapati iliyokauka. Mswada wa Lamu wa miaka mia moja na hamsini, ulioandikwa kwenye karatasi ya matambara, bado unakunjika na kukunjuka. Kwa hiyo kinachohitaji kuokolewa kwanza ni kile kinachoonekana kipya. Wageni wanaokuja na fedha za kuhifadhi hupenda kupigwa picha na miswada. Wangeanza na Ngurumo.

Chuo chenyewe pia kimeacha nyayo kwenye rafu zake. Mwaka 1969 wanafunzi wa kundi la mapinduzi la USARF walianzisha jarida la Cheche. Toleo maalumu la mwaka 1970 lilibeba makala ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kimyakimya ya kitabaka, na mwaka haukwisha kabla jarida na kundi lenyewe havijapigwa marufuku. Wahariri wakaendelea kwa jina jingine, MajiMaji, chini ya Umoja wa Vijana wa TANU. Walter Rodney alikuwa akifundisha hapo wakati huo, na mwaka 1972 kitabu chake juu ya Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikachapishwa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House kwa kushirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London. Ni fahari kwa maktaba kwamba mahali pa kwanza pa kwenda kutafuta maandishi yaliyokemewa na wakuu ni rafu za chuo kilichokemewa.

Watu huchanganya East Africana na Nyaraka za Taifa. Mafaili ya serikali, ya Wajerumani na ya Waingereza, makao yake ni Upanga, chini ya idara ya serikali. Mlimani kuna makaratasi ya watu, ya wasomi na ya wachapishaji. Mtafiti makini hutembelea kote kuwili, na siku hizi ataongeza Kavazi la Mwalimu Nyerere pale COSTECH, Kijitonyama. Hata hapo hajamaliza, kwa sababu sehemu kubwa ya urithi wa maandishi ya Kiswahili iko mbali. Miswada iliyokusanywa na watafiti Taylor, Werner na Hichens, mingi ikiwa imenakiliwa kwa mkono mzuri wa Muhammad Kijuma wa Lamu, iko katika chuo cha SOAS, London. Mswada wa utenzi wa Tambuka, wenye tarehe ya mwaka 1728, uko Hamburg. Barua za Kiswahili za karne hiyohiyo ziko Goa. Mwanafunzi wa Pate au Bagamoyo anahitaji viza kwenda kumsoma babu yake.

Tarehe 27 Novemba 2018 Rais Magufuli alifungua maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, ambayo jiwe lake la msingi aliliweka mwezi Juni 2016. Ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na rafu za vitabu 800,000. Jengo ni zuri, hewa inapita, na wanafunzi walioshindana kwa viti wamepata pa kukaa. Lakini jengo haliorodheshi vitu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na orodha ya Allen ya 1970 ingali mfano wa kazi ambayo mikusanyo mingine inaidai: mtu mmoja anayejua lugha, akae na kila karatasi, aandike ni nini, ya nani, imetoka wapi. Kupiga picha za kidijitali bila orodha ya namna hiyo ni kuhamisha rundo kutoka kabatini kwenda kwenye kompyuta. Fedha zikipatikana, ziajiri kwanza wasomaji wa hati za Kiarabu, maana waliozijua kwa kuzaliwa nazo wanapungua.

Na upungufu mkubwa wa makabati hayo tunaweza kuuziba sisi wenyewe. Yamejaa makaratasi ya mabwana shauri, na ya wakulima, makarani, wanawake wa unyago, madereva wa lori na makatibu wa vyama vya ushirika ni machache. Ndugu msomaji, kama kwenu kuna daftari la mashairi, barua za babu aliyekuwa askari wa Keya, mihtasari ya chama cha msingi au picha za tawi la TANU, usizichome wala usimwachie muuza karanga azifungie. Andika kwa penseli, nyuma ya kila picha, majina ya waliomo wakati anayewajua yupo. Ukiogopa kuachia asili, omba zipigwe picha urudishiwe zako. Ukizikabidhi, dai hati ya makabidhiano, na usiondoke mpaka jina la aliyeziandika limeingizwa kwenye orodha.